Uzoefu wa Meneja Aliyefanya Kazi Nje ya Nchi na Mwenendo wa Kampuni Tanzu: Mwongozo kwa Waajiri na Wakuu wa Idara wa Mtwara na Lindi

Mikoa ya Mtwara na Lindi imekuwa na kampuni tanzu za mashirika ya nje kwa muda mrefu. Gesi ya Songo Songo, wilayani Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004. Ile ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Mwaka 2015 kiwanda cha saruji cha Dangote kilichopo Mgao, chenye uwezo wa kuzalisha tani milioni 3 kwa mwaka, kilizinduliwa, na mwaka huohuo likazinduliwa bomba la gesi kutoka Madimba hadi Dar es Salaam. Ruangwa zimefika kampuni za Australia kwa ajili ya madini ya kinywe (grafiti), na Likong'o, jirani na mji wa Lindi, ndipo palipotengwa kwa mradi wa kusindika gesi asilia, mradi unaozihusisha Equinor ya Norway na Shell. Baadhi ya kampuni hizi zina mlolongo mrefu wa umiliki. Maurel & Prom, inayoendesha kitalu, yaani eneo la uzalishaji wa gesi, cha Mnazi Bay, ni kampuni ya Ufaransa, lakini tangu mwaka 2017 sehemu kubwa ya hisa zake iko mikononi mwa Pertamina, shirika la mafuta la Indonesia.

Katika mpangilio wa namna hii, meneja anayeletwa kuongoza kampuni tanzu hubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja: anatakiwa aielewe Mtwara, na anatakiwa aeleweke na makao makuu. Ndiyo maana wasifu wa kazi unaoonyesha kwamba mtu amefanya kazi katika nchi kadhaa hupokelewa kwa furaha. Msimamo wangu, ambao mwongozo huu mzima umejengwa juu yake, ni kwamba uzoefu wa nje hauisaidii kampuni tanzu kwa kuwapo kwake tu. Huisaidia pale unapolingana na pengo lililopo, unapopimwa dhidi ya hali halisi ya mahali, na unapopewa mwenyeji wa kuugeuza uwe maarifa ya hapa. Yakikosekana hayo, meneja mwenye uzoefu mkubwa anaweza kuleta hasara kuliko yule asiye nao, kwa sababu hujiamini zaidi anapokosea.

Hatua ya kwanza: andika pengo kabla ya kumtafuta mtu

Mwaka 1977 watafiti Anders Edström na Jay Galbraith walieleza sababu tatu za kampuni kumhamishia meneja nchi nyingine: kuziba nafasi iliyokosa mtu mwenye ujuzi, kumkuza meneja mwenyewe, na kuiunganisha kampuni tanzu na kampuni mama ili zifanye kazi kwa taratibu zinazofanana. Sababu hizi tatu hazihitaji mtu wa aina moja. Anayekuja kuziba pengo la ufundi apimwe kwa ufundi. Anayekuja kujifunza asipewe madaraka ambayo makosa yake yatalipwa na wafanyakazi. Anayekuja kuunganisha awe anajulikana na kuaminiwa kule alikotoka.

Makao makuu mara nyingi hutaja sababu ya kwanza kwenye barua huku yakikusudia ya pili au ya tatu. Kwa hiyo afisa rasilimali watu wa kampuni tanzu asisubiri jina litumwe. Aandae ukurasa mmoja unaojibu mambo manne: ni kazi gani inakwama leo, nani anaifanya kwa sasa, kwa nini hawezi kuikamilisha, na nani ataifanya baada ya miaka mitano. Ukurasa huo utumwe kwa kampuni mama ukiwa umesainiwa na mkuu wa idara husika, na ndio utakaotumika tena wakati wa kuomba kibali cha kazi na wakati wa kupima matokeo.

Hatua ya pili: usome uzoefu wenyewe, usihesabu nchi

Hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika, kwa hiyo nitakaa kidogo. Uzoefu wa nje una pande nne zinazopaswa kuchunguzwa kila mmoja peke yake: mahali, muda, ngazi na upande ambao mtu alikaa.

Kuhusu mahali, yupo mtu mwenye uzoefu wa jumla, yaani amewahi kufanya kazi nje ya nchi yake, na yupo mwenye uzoefu wa nchi hii au ya jirani inayofanana nayo. Uzoefu wa jumla humfundisha mtu kutodhani kuwa utaratibu wa kwao ndio utaratibu wa dunia. Humpa uvumilivu na humpunguzia hofu. Lakini haumwambii jinsi ardhi ya kijiji inavyosimamiwa, wala kwa nini barua kwenda kwa mkuu wa wilaya huwekewa nakala ya mkurugenzi wa halmashauri. Watafiti Jan Johanson na Jan-Erik Vahlne wa Sweden, katika kazi yao ya mwaka 1977, walisisitiza kwamba maarifa muhimu zaidi kuhusu soko la kigeni hupatikana kwa kulifanyia kazi, na kwamba ni vigumu kuyahamisha kwa maandishi au kuyanunua. Anayesema amehudhuria kozi ya siku tatu kuhusu Afrika Mashariki amefanya jambo jema, ila kozi hiyo isihesabiwe kuwa ni uzoefu.

Kuhusu muda, uliza kama mtu alikaa hadi akaona matokeo ya uamuzi wake. Meneja aliyezunguka nchi sita kwa miezi minane kila moja ameona mianzo sita, na huenda hajawahi kukabili madhara ya jambo alilolianzisha yeye mwenyewe. Aliyekaa nchi mbili kwa miaka minne minne amelazimika kurekebisha alichokiharibu, kumpandisha cheo mtu aliyemfundisha, na kukutana tena na kiongozi wa mtaa aliyemkatalia ombi. Mimi ningemchukua huyu wa pili, hata kama wasifu wake unavutia kidogo.

Kuhusu ngazi, tofautisha aliyeongoza na aliyepita. Mhandisi aliyefanya kazi kwa zamu ya wiki nne kazini na wiki nne nyumbani, akila na kulala ndani ya kambi yenye uzio, anaweza kuwa na miaka kumi ya kazi nje bila hata siku moja ya kuzungumza na mzabuni wa mboga anayeilisha kambi hiyo. Huenda ndiye hasa anayehitajika kwenye mtambo. Hafai kukabidhiwa ofisi nzima kwa sababu ya miaka hiyo kumi.

Upande wa nne husahaulika kabisa. Je, mtu huyu amewahi kukaa kwenye kampuni tanzu akipokea maagizo, au muda wote alikuwa makao makuu akiyatuma? Aliyewahi kusubiri wiki tatu kuidhinishiwa ununuzi wa pampu huku mtambo umesimama huandika maombi kwa namna nyingine, na akirudi makao makuu husoma maombi ya wengine kwa namna nyingine.

Katika usaili, maswali ya jumla yataleta majibu ya jumla. Muulize: "Taja jambo ulilolikuta katika kazi yako ya mwisho nje ya nchi, ukataka kulibadilisha, kisha ukaamua kuliacha kama lilivyo. Nani alikufanya ubadili nia?" Sikiliza kama atataja mtu wa pale kwa jina au kwa cheo na kueleza hoja yake. Asiyeweza kumkumbuka mwenyeji hata mmoja aliyemfundisha jambo hana uzoefu wa nchi ile, hata kama pasipoti yake imejaa mihuri. Kisha muulize ni nani alishika nafasi yake alipoondoka, na kama bado anawasiliana naye.

Hatua ya tatu: linganisha mahali alikotoka na mahali anakokuja

Andaa jedwali dogo la mambo yanayoamua kazi ya kampuni yenu, ukiweka upande mmoja alikotoka na upande wa pili Mtwara au Lindi: barabara, bandari, umeme, sheria ya ajira, umiliki wa ardhi, lugha ya kazini, na kalenda ya wakazi. Kila mstari unaotofautiana sana ni eneo ambalo uzoefu wake unaweza kumpotosha.

Kalenda ina uzito wake huku kusini. Minada ya korosho huanza Oktoba, na katika miezi hiyo vibarua hupungua, malori hugombaniwa, nyumba za kupanga hupanda bei, na Bandari ya Mtwara huwa na shughuli nyingi. Meneja aliyezoea mji wa viwanda ambako nguvu kazi haibadiliki mwaka mzima atapanga matengenezo makubwa ya mtambo mwezi Novemba na kushangaa watu wameenda wapi. Mvua nazo zina kauli yake: Mei 2024 barabara ya Dar es Salaam ilikatika eneo la Somanga wilayani Kilwa, na kila aliyekuwa akitegemea vipuri vya kuja kwa lori ilibidi asubiri. Ratiba ya ununuzi iliyonakiliwa kutoka nchi yenye reli na barabara mbadala haiwezi kuhimili hali hiyo.

Kusini yetu ina somo la kihistoria kuhusu jambo hili, na ni vyema kila meneja mpya asimuliwe. Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza baada ya Vita Kuu ya Pili na kufika hadi Nachingwea, mwanzoni ulisimamiwa na United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, kabla ya kukabidhiwa Overseas Food Corporation mwaka 1948. Wengi wa wasimamizi walikuwa wanajeshi wa zamani waliokuwa wameendesha mashine na vikosi katika nchi nyingi. John Wakefield, aliyeongoza ujumbe wa kutathmini mpango huo mwaka 1946, alikuwa amepata kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika hiihii, na ujumbe wake ulitumia wiki tisa tu. Hakukuwa na shamba la majaribio la maana kabla ya kuanza kulima eneo kubwa. Udongo na mvua havikukubaliana na hesabu, mpango ukafutwa Januari 1951, na hasara ilikuwa takriban pauni milioni 36. Gati la kina kirefu la Mtwara, lililojengwa kwa ajili ya mpango huo, lilibaki. Reli ya Nachingwea, nayo iliyojengwa kwa ajili yake, iling'olewa miaka ya 1960.

Tazama kwamba uzoefu haukukosekana katika mpango ule, tena ulikuwapo hata uzoefu wa nchi yenyewe. Kilichokosekana ni kuujaribu ardhini kwa kipimo kidogo kwanza. Kwa hiyo kila pendekezo la meneja linaloanza kwa maneno "kule nilikotoka tulifanya hivi" lipewe eneo dogo la majaribio, muda maalumu, na mtu wa hapa wa kuandika kinachotokea.

Hatua ya nne: mpe naibu mwenye mamlaka, si mkalimani

Kampuni nyingi humpa meneja mgeni msaidizi Mtanzania ambaye kazi yake halisi ni kutafsiri na kufuatilia vibali. Huko ni kupoteza watu wawili kwa pamoja. Naibu anatakiwa awe na uwezo wa kusimamisha uamuzi, hata kwa saa 48 tu, katika mambo matatu: mahusiano na vijiji, nidhamu ya wafanyakazi, na ajira za muda. Mamlaka hayo yaandikwe kwenye hati yake ya majukumu na yatangazwe mbele ya wafanyakazi wote.

Chukua mfano wa mkutano wa hadhara katika kijiji kilicho kando ya njia ya malori. Mzee mmoja anasimama na kusema, "Vumbi la magari yenu linaingia kwenye chakula cha watoto wetu. Mnalifanyia nini?" Meneja, ambaye katika nchi aliyotoka alizoea kujibu papo hapo ili aonekane muwazi, anaahidi kwamba kuanzia Jumatatu barabara itamwagiwa maji kila siku. Watu wanapiga makofi. Naibu aliyekaa pembeni yake anajua kwamba boza ni moja, linahitajika kiwandani asubuhi, na kisima kinachotegemewa hupungua maji kuanzia Septemba. Kama angekuwa na mamlaka ya kusema kwanza, angeinuka, awaamkie wazee, awashukuru kwa kulisema jambo wazi, kisha aombe kukutana na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji siku ya Jumatano akiwa na ratiba ya boza mkononi. Hapo wanakijiji wangekosa ahadi nzuri na kupata maji siku tatu kwa wiki. Ahadi ya kwanza ikivunjwa, kila meneja atakayefuata atakuta imani imekwisha, na wala hataambiwa sababu yake.

Meneja mgeni hatakiwi kukariri mila zote. Inatosha ajue kumwamkia mzee kabla ya kumwomba jambo, asipange vikao vya chakula cha mchana wakati wa Ramadhani, na aelewe kwamba msimu wa jando na unyago una maombi ya ruhusa ambayo si uvivu. Mengine naibu atamwelekeza yakijitokeza.

Hatua ya tano: miezi mitatu ya kusikiliza

Katika miezi mitatu ya mwanzo meneja asibadilishe muundo wa idara, mzabuni wala zamu, isipokuwa jambo linalohusu usalama wa maisha, ambalo halisubiri. Akae zamu ya usiku walau mara moja katika kila idara, afuatilie kontena moja kuanzia linapofika bandarini hadi linapofunguliwa, na azungumze na wafanyakazi wa zamani bila msimamizi wao kuwapo. Mwishoni aandike mambo aliyotaka kuyabadilisha alipofika ambayo sasa ameona sababu yake. Karatasi hiyo ni ya thamani kwa meneja atakayemfuata.

Wale wanaohusika na gesi wasome pia yaliyotokea Mtwara mwaka 2013, wakati maandamano ya kuhoji bomba la gesi yalipogeuka kuwa vurugu na watu kupoteza maisha. Wananchi waliuliza kitabaki nini Mtwara. Meneja ambaye katika nchi nyingine alizoea kwamba mgawanyo wa mapato ni jambo la serikali peke yake anahitaji kujua kwamba swali hilo litamfikia yeye ofisini, na kwamba kunyamaza nako husomwa kuwa ni jibu.

Hatua ya sita: tumia daraja la makao makuu bila kulifanya pingu

Faida kubwa ya meneja aliyepitia sehemu kadhaa za kampuni moja ni kwamba anajua ampigie nani. Ombi la kipuri ambalo lingepita ngazi tano humalizika kwa simu moja. Orodhesheni mahusiano hayo tangu mwanzo, na kila anapowasiliana na watu hao kuhusu jambo la idara, mkuu wa idara Mtanzania awepo kwenye mawasiliano, ili siku meneja akiondoka jina la mwenyeji liwe linajulikana.

Hatari iko pande mbili. Watafiti J. Stewart Black na Hal Gregersen walionyesha kwamba mameneja wanaotumwa nje hutofautiana katika utii wao: wapo ambao moyo umebaki makao makuu, wapo waliohamia kabisa upande wa kampuni tanzu, wapo wasio na upande wowote, na wapo wachache wanaozitumikia pande zote mbili kwa uaminifu. Uzoefu mwingi wa nje unaweza kumzalisha yule wa tatu, mtu wa kuhamahama anayeiona Mtwara kama kituo cha kupitia kuelekea kwingine. Dalili yake ni rahisi kuiona: miradi yake yote humalizika kabla ya tarehe ya mkataba wake, na hakuna hata mmoja unaomhitaji mtu mwingine auendeleze.

Hatua ya saba: panga muda kwa kurudi nyuma kutoka mwisho wa kibali

Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, ilipotungwa, iliruhusu kibali cha kazi cha hadi miezi 24, kinachoweza kuhuishwa, kwa jumla isiyozidi miaka mitano kwa mwajiriwa wa kawaida; ukomo huo umerekebishwa baadaye, kwa hiyo thibitisha ule wa sasa. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri awe na mpango wa urithishaji unaoonyesha jinsi ujuzi utakavyohamishwa kwa Mtanzania. Kwa kampuni za petroli na madini, kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania za mwaka 2017 na 2018 zinaongeza masharti yake.

Wengi huuandaa mpango huo ili faili likamilike. Nashauri uandaliwe kwa kuanzia mwaka wa mwisho; tuchukue kwamba ni wa tano. Mwaka huo mrithi awe ndiye anayeamua, na mgeni awe mshauri. Mwaka wa nne mrithi asaini bajeti na atetee hoja zake makao makuu. Mwaka wa tatu apelekwe kwenye kampuni tanzu nyingine. Mwaka wa pili aendeshe idara moja peke yake. Mwaka wa kwanza achaguliwe, tena kwa ushindani, badala ya kuteuliwa kwa sababu anazungumza Kiingereza vizuri kuliko wenzake. Ukipanga hivi utagundua mapema kwamba miaka mitano ni michache.

Hatua ya nane: mpeleke Mtanzania nje, kisha umpokee

Uzoefu wa nje si mali ya wageni. Mtaalamu wa Mtwara aliyefanya kazi miezi 18 kwenye makao makuu au kwenye kiwanda cha kampuni hiyohiyo katika nchi nyingine hurudi na vitu viwili ambavyo mgeni hawezi kuwa navyo kwa pamoja: anawajua wakubwa wa kule, na hahitaji kufundishwa mambo ya nyumbani kwao.

Tatizo liko kwenye kurudi. Mtu hurudi akakuta nafasi yake ya zamani, mshahara wa zamani, na msimamizi anayemwona kama mpinzani. Ndani ya mwaka anaajiriwa kwingine. Kabla hajaondoka, aandikiwe cheo atakachoshika akirudi na uamuzi gani utakuwa wake. Akirudi, apewe mwezi wa kuwafundisha wenzake alichokiona, kikiwemo kile ambacho ameona hakifai kuletwa hapa.

Hatua ya tisa: pima kwa haki

Mara nyingi utasikia kwamba kampuni tanzu fulani ilistawi kwa sababu ililetewa meneja mwenye uzoefu mkubwa. Huenda ni kweli. Huenda pia kampuni mama hupeleka mameneja wake bora kule ambako tayari kuna matumaini ya faida. Bei ya saruji ikipanda au umeme ukitulia, meneja yeyote ataonekana hodari. Kwa hiyo usilinganishe kampuni yenu na nyingine kwa jumla. Ilinganishe na yenyewe kabla ya meneja kufika, kwa vipimo vilivyo mikononi mwake: saa za mtambo kusimama, siku za kutoa kontena bandarini, idadi ya wataalamu Watanzania wanaoacha kazi, malalamiko ya vijiji yaliyofungwa kwa makubaliano, na maamuzi yanayofanyika hapa bila kusubiri kampuni mama.

Vipimo hivyo vichukuliwe mara tatu: kabla hajafika, katikati ya mkataba, na miezi sita baada ya kuondoka kwake. Kipimo cha tatu ndicho chenye uzito kuliko vyote na ndicho kinachoachwa, kwa kuwa mhusika ameshapangiwa nchi nyingine na hakuna anayeulizwa. Wekeni sharti kwenye mkataba kwamba sehemu ya bonasi yake italipwa baada ya kipimo hicho, na kwamba katika miezi hiyo sita atapokea simu za mrithi wake.